LinkedIn ikikataa kufunguka: pa kuanzia na pa kuishia

Mtu akikataliwa kuingia LinkedIn, mara nyingi huandika nenosiri lilelile mara nne au tano, kisha hulibadilisha, kisha hukata tamaa na kufungua akaunti mpya. Katika hayo matatu ni moja tu lenye faida, nalo ni kwa wakati wake. Kujaribu mfululizo kunaufanya mfumo udhani kuna mwizi anayebahatisha, ukufungie kwa muda hata kama jaribio la sita ndilo lilikuwa sahihi. Kufungua akaunti ya pili ni kosa kubwa zaidi: masharti ya LinkedIn yanaruhusu akaunti moja kwa mtu mmoja, na utakapopeleka kitambulisho kudai ile ya zamani, utakuta jina na sura yako tayari viko mahali pengine.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza chochote, soma ujumbe uliotokea na uupige picha ya skrini. Akaunti inaweza kukwama mahali patano, na kila pahali pana dawa yake: haijulikani kwa barua pepe uliyoandika, inajulikana lakini nenosiri si lake, nenosiri ni sawa lakini inataka namba ya uthibitisho, kila kitu ni sawa lakini imezuiliwa, au ukurasa unazunguka tu bila kusema lolote. Wengi hutibu la pili wakati ugonjwa wao ni la kwanza.

1. Tafuta kifaa ambacho bado kimeingia

Simu ya zamani iliyopasuka kioo, kompyuta ya ofisini, tableti ya watoto. Kama LinkedIn bado iko wazi popote pale, usitoke. Usisasishe programu wala usifute chochote kwenye kifaa hicho. Bonyeza picha yako, ingia "Settings & Privacy", kisha "Sign in & security". Hapo utaziona barua pepe na namba za simu zilizosajiliwa, hata kama nenosiri hulikumbuki. Ziandike kwenye karatasi herufi kwa herufi. Kwa hatua hiyo moja, nusu ya kazi inakuwa imekwisha.

Usipopata kifaa cha namna hiyo, mwombe rafiki mliyeunganishwa naye afungue wasifu wako kwenye simu yake. Akiuona, akaunti ipo na shida ni ya kuingia tu. Mwambie akutumie kiungo chake, kile kinachoanza na linkedin.com/in/, kwa sababu utakihitaji ukifika kwenye fomu ya msaada. Asipouona kabisa, akaunti imezuiliwa, imefungwa au imelazwa (yaani mwenyewe uliisimamisha kwa muda bila kuifunga, "hibernate"), na hapo kubadili nenosiri peke yake hakutakusaidia. Nenda hatua ya 5.

2. Hakikisha ni barua pepe ipi

Akaunti nyingi za LinkedIn za Afrika Mashariki zilifunguliwa kwa anwani ya Yahoo iliyotengenezwa intaneti kafe, au kwa barua pepe ya kazini. Anwani zote mbili huweza kufa bila mwenyewe kujua. Yahoo hulifunga sanduku ambalo halijafunguliwa kwa miezi 12. Google nao, tangu Desemba 2023, wana utaratibu wa kufuta akaunti zilizokaa miaka 2 bila kutumika. Ya kazini hufungwa na fundi wa kompyuta wa kampuni siku unapokabidhi kitambulisho cha mlangoni, wakati mwingine hata kabla.

Fungua kila sanduku la barua pepe unaloweza kulifikia, na kwenye sehemu ya kutafuta andika from:linkedin.com (hiyo inafanya kazi Gmail, kwingine andika linkedin tu). Angalia na folda ya taka na ya matangazo. Ukikuta taarifa za "umetazamwa na watu fulani" au mialiko ya kuunganishwa, shuka mpaka mwisho wa barua. Barua halali za LinkedIn huwa na mstari unaosema barua hiyo imekusudiwa nani, pamoja na jina lako na kazi uliyoiandika kwenye wasifu. Mstari huo unathibitisha kwamba anwani hiyo imefungamana na akaunti yako.

Nukta kwenye Gmail zinapoteza watu wengi. Kwa Google, baraka.mwita na barakamwita ni sanduku moja, barua zote zinafika palepale. LinkedIn hailazimiki kujua hilo. Ulichoandika siku ya kujisajili ndicho inachokitafuta. Ukiambiwa akaunti haipo, jaribu pamoja na nukta na bila nukta kabla ya kuamini.

Na kama ulijisajili kwa kubonyeza kitufe cha Google, Apple au Microsoft, huenda hujawahi kuwa na nenosiri la LinkedIn hata siku moja. Unatafuta kisichokuwepo. Bonyeza kitufe kilekile ulichotumia mwanzo, au tengeneza nenosiri kwa njia iliyoelezwa hapa chini.

Barua pepe ya kazini ikiwa imekufa kweli, mpigie aliyekuwa fundi wenu wa kompyuta. Ofisi nyingi haziwezi kukurudishia sanduku lote, lakini zinaweza kuielekeza anwani hiyo kwenye nyingine kwa nusu saa ili upokee barua moja. Kampuni ikiwa imevunjwa, usihangaike: hatua ya 6.

3. Nenosiri

Ukishajua barua pepe ni sahihi, andika nenosiri mara moja ukiwa umebonyeza alama ya jicho ili ulione. Kibodi ya simu hupenda kuanza na herufi kubwa bila kuulizwa, na nenosiri lililonakiliwa kutoka WhatsApp au kwenye notsi za simu mara nyingi huja na nafasi tupu mwishoni. Nafasi hiyo haionekani hata ukibonyeza jicho. Peleka kishale mwisho wa maandishi, ufute kimoja nyuma, uone kama kilichofutika ni herufi.

Kama kivinjari kinajijazia chenyewe, usikiamini. Chrome huhifadhi la zamani hata baada ya wewe kulibadilisha kwenye simu nyingine. Fungua passwords.google.com, tafuta LinkedIn, na ukikuta mistari miwili au mitatu, futa isiyo na kazi.

Kuna jambo la kihistoria linalowahusu waliojisajili zamani. Mwaka 2012 LinkedIn iliibiwa manenosiri, na hapo mwanzo ilijulikana kuwa ni kama milioni 6.5. Mwezi Mei 2016 orodha ya akaunti zipatazo milioni 117 kutoka wizi uleule ikaanza kuuzwa mtandaoni. LinkedIn ikayabatilisha manenosiri ya akaunti zilizofunguliwa kabla ya wizi huo ambazo wenyewe hawakuwa wamebadilisha. Kwa hiyo kama akaunti yako ni ya mwaka 2010 na hukuigusa tena, nenosiri unalolikumbuka vizuri linaweza kuwa sahihi na bado likakataliwa. Na kama ulilitumia lilelile kwenye barua pepe au benki, huko nako kalibadilishe leo.

Kubadilisha kwenyewe ni hivi:

Kwenye ukurasa wa kuingia bonyeza "Forgot password?". Andika barua pepe uliyoithibitisha kwenye hatua ya 2, au namba ya simu iliyosajiliwa. Utaletewa namba ya uthibitisho au kiungo. Omba mara moja tu, kisha subiri dakika 10. Hapa ndipo watu wanapojikaanga wenyewe: wanaomba mara tatu ndani ya dakika mbili, namba tatu zinafika bila mpangilio kwa sababu mtandao ni mzito, wanaandika ya kwanza kufika. Kila unapoomba mpya, ya nyuma inakufa. Ukishaomba mara nyingi, acha mpaka zote zifike, tumia ile yenye saa ya mwisho, la sivyo pumzika hadi kesho yake.

Fungua kiungo kwenye kifaa na kivinjari kilekile ulichoombea. Ukiombea kwenye kompyuta na kufungulia ndani ya programu ya Gmail ya simu, mfumo unaona watu wawili tofauti.

4. Namba ya uthibitisho haifiki, au inafika na kukataliwa

Haya ni magonjwa mawili, yasichanganywe.

*Haifiki.* Kama ni ya meseji, kwanza angalia tarakimu za mwisho za simu ambazo skrini inakuonyesha. Je, laini hiyo ungali nayo? Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hurudishwa sokoni na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo sasa ndiye anayepokea meseji zako. Tanzania, pamoja na laini za Safaricom Kenya, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwa bado iko kwa jina lako lakini kadi imepotea, nenda duka la kampuni ya simu na kitambulisho ukairudishe. Kwa Tanzania utaweka na alama ya kidole. Ikiwa haipo kwako tena, achana nayo. Usimtafute mwenye laini mpya umwombe akusomee namba. Hata akikubali, umemfundisha mtu usiyemjua njia ya kuingia kwako.

Laini ikiwa ni yako na iko hewani, mambo ya kukagua ni haya: umeandika namba kwa mtindo wa kimataifa bila sifuri ya mwanzo (+255 7… au +254 7…, si +255 07…), hukuzima meseji za matangazo kwa namna iliyofunga na za huduma, programu ya meseji haijaitupa kwenye kundi la taka, kumbukumbu ya meseji kwenye simu ndogo haijajaa. Laini iliyohamishwa kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila kubadili namba wakati mwingine hukosa meseji zinazotoka nje ya nchi. Ikiwa meseji za Google au Facebook nazo hazifiki, shida iko kwa kampuni ya simu, kawaambie wao.

Aliye nje kikazi, Muscat au Doha, mwenye laini ya nyumbani ndani ya simu ya laini mbili, aangalie kama laini hiyo imeruhusiwa kutumika nje. Kupokea meseji hakuhitaji bando, kunahitaji laini iwe imeshika mtandao wa huko.

*Inafika na kukataliwa.* Hii huwapata wanaotumia programu ya kutengeneza namba kama Google Authenticator au Microsoft Authenticator. Programu hiyo haiwasiliani na LinkedIn. Inachukua siri iliyohifadhiwa siku ulipoiunganisha, inaichanganya na saa ya simu, inatoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30. Saa ikikosea, namba inakosea, na haitakwambia.

Mtego wenyewe ni ukanda wa saa. Simu inaonyesha saa nne asubuhi, na saa ya ukutani inasema saa nne asubuhi. Mwenyewe anaapa saa yake iko sawa. Lakini ukanda wa saa umebaki London, tangu simu iliponunuliwa, naye akasogeza mishale kwa mkono ili ifanane na ya hapa. Kwa hesabu ya ndani, simu hiyo iko mbele kwa saa 2 au 3, na kila namba inayotoa ni ya wakati ambao haujafika. Nenda Mipangilio, Tarehe na saa, uwashe saa ya kiotomatiki na ukanda wa kiotomatiki. Hakikisha unasoma Nairobi au Dar es Salaam. Saa iliyokosea sana, kwa siku au miezi, huleta pia lile onyo la kwamba muunganisho si salama kwenye tovuti nyingi, kwa hiyo ukiliona onyo hilo nalo, anza na saa.

Simu yenye programu hiyo ikiwa imeibiwa au imefutwa, tumia namba za akiba ulizopewa siku ulipowasha uthibitisho wa hatua mbili. Watu huzipiga picha ya skrini kwenye simu ileile iliyoibiwa. Usipokuwa nazo, hatua ya 6.

5. Ukurasa unazunguka, au akaunti imezuiliwa

Unaozunguka ni rahisi. Fungua dirisha la faragha kwenye Chrome au Firefox ujaribu humo. Likifunguka, tatizo ni vidakuzi (cookies) vya zamani: bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti na ufute data ya linkedin.com pekee. Hakuna haja ya kufuta historia yote. Kwenye programu ya simu, nenda Mipangilio, Programu, LinkedIn, Hifadhi, ufute akiba (cache). Ikishindikana ndipo ufute data yote, ukijua kwamba utaingia upya kama mgeni. Sasisha programu. Zima VPN, ile programu inayoficha uko nchi gani.

Opera Mini ina lake. Kwenye hali yake ya kubana data sana, ukurasa haufunguliwi na simu yako, unafunguliwa na seva za Opera na kuletwa kwako ukiwa umebanwa. LinkedIn inaona mtu anaingia kutoka nchi nyingine, inatoa fumbo la picha kuhakikisha wewe si roboti, na fumbo hilo halichezi vizuri ndani ya ukurasa uliobanwa. Kwa kuingia tu, tumia kivinjari cha kawaida; ukishamaliza rudi kwenye Opera yako.

Kuzuiliwa ni jambo zito zaidi. Sababu za kawaida ni programu au viongezi vya kivinjari (extensions) vinavyotuma mialiko na kutazama wasifu vyenyewe, mialiko mingi kwa watu wasiokujua wanaobonyeza kwamba hawakufahamu, na jina lisilo la mtu: "Mama Neema Catering" ni biashara, ilitakiwa iwe na ukurasa wa kampuni. Ondoa kiongezi kwanza, kwenye kila kompyuta unayotumia, kabla ya kukata rufaa. Ukirudishiwa huku kikiendelea kufanya kazi, utafungiwa tena, na mara ya pili hawana subira. Kizuizi chenye muda huonyesha kitaisha lini. Hicho subiri tu.

Kama wewe mwenyewe uliifunga akaunti, una siku 14 za kuirudisha kwa kuingia na barua pepe na nenosiri lilelile. Zikipita, imekwenda. Ukiwa uliilaza tu, itaamka ukiingia, ila saa 24 ziwe zimepita tangu uilaze.

6. Kitambulisho

Njia hii ni ya aliyepoteza barua pepe na simu vyote, au aliyezuiliwa hadi ajithibitishe. Kwenye ukurasa wa kubadili nenosiri kuna kiungo cha mtu asiyeifikia tena barua pepe yake. Kitakupeleka kwenye fomu. Utaombwa kitambulisho cha serikali chenye picha, na barua pepe mpya ya kuwasiliana, ambayo isiwe tayari kwenye akaunti nyingine ya LinkedIn.

Kinachoangusha wengi ni jina. Wasifu unasema "Eng. Baraka M.", kitambulisho kinasema Baraka Mathias Mwita. Au wasifu una jina la ndoa na pasipoti ina la ubini. Eleza tofauti hiyo kwenye sehemu ya maelezo, kwa sentensi mbili, na weka kile kiungo cha wasifu. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania) bila kadi haitoshi kwa sababu haina picha. Tumia pasipoti au leseni ya udereva.

Weka kitambulisho juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, mchana, flashi ikiwa imezimwa ili plastiki isimetemete. Kona zote nne zionekane, kidole kisiguse. Usijitumie picha hiyo kwa WhatsApp kuihamisha kwenda kompyuta: inabanwa, na maandishi madogo yanakuwa ukungu. Piga na kupakia kutoka simu ileile. Fotokopi na picha ya picha hukataliwa.

Ukishatuma, usitume tena kesho yake. Maombi mawili ya jambo moja hugongana na kukurudisha nyuma ya foleni. Jibu kwenye barua ileile watakayokuandikia.

LinkedIn haina namba ya simu ya huduma kwa wateja. Namba yoyote utakayoikuta mtandaoni ikijiita hivyo, na "fundi" yeyote atakayekwambia anakurudishia akaunti kwa elfu thelathini, ni tapeli. Wengine huomba ile namba ya tarakimu 6 "kuhakikisha". Haisomwi kwa mtu yeyote. Kagua pia anwani ya ukurasa unaoandikia nenosiri: sehemu iliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza (ukiacha ile miwili ya https://) iwe linkedin.com yenyewe au iishie na .linkedin.com, nukta ikiwemo, si linkedin.com.kitu-kingine wala kitu-linkedin.com.

7. Ukishaingia

Fanya haya kabla ya kujibu mialiko. Kwenye "Sign in & security" futa barua pepe na namba usizozitambua; aliyeiba akaunti huacha yake hapo ili arudi kesho. Ongeza barua pepe binafsi ya pili na uithibitishe, kisha iweke binafsi kuwa ya msingi badala ya ya kazini. Fungua orodha ya vifaa vilivyoingia na uvitoe vyote. Badili nenosiri. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu badala ya meseji, na namba za akiba uzichapishe au uziandike kwa kalamu, ziwekwe pamoja na vyeti.

Na kama tayari ulifungua akaunti ya pili ulipokata tamaa, LinkedIn ina njia ya kuziunganisha ukiwa na manenosiri ya zote mbili. Watakaohama ni watu mlioungana nao tu. Mapendekezo na sifa ulizoandikiwa hubaki kwenye akaunti inayofungwa na kupotea nayo, kwa hiyo ifunge ile changa, si ile ya zamani.